Tumbo la Wavu

Haya nilisimuliwa na Nyatichi mwezi wa Agosti mwaka huu, siku ya soko pale Mbita, akinipimia omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo. Hakuanzia mwanzo. Alianzia pale mpira ulipogonga wavu ukarudi.

Ulirudi kweli. Mchezaji aliyeupiga alikuwa amekwisha kugeuka, mikono juu, anashangilia, na mpira ukampita katikati ya miguu, ukaenda zake katikati ya uwanja kama mtoto aliyetumwa dukani. Watu waliokaa kwenye viti vipya vya simiti walitazamana. Halafu wakacheka.

"Min Willis!" mvuvi mmoja akapaza sauti. "Wavu wako umetapika!"

Orpah, ambaye ndiye huyo mama yake Willis, alikuwa amesimama nyuma ya goli, sindano ya kushonea nyavu bado mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mrefu, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na uzi wa nailoni miaka mingi mpaka ngozi ikawa ngumu kama gome. Alisukuma wavu kwa kiganja, nao ukamsukuma.

Madam Liz, afisa wa michezo, alikuwa ametoka Homa Bay siku hiyo ya Alhamisi kuja kukagua. Alipigisha mpira mara tatu, na mara tatu ukarudi.

"Mama, refa akiwa mbali hatajua kama ni goli ama mpira umegonga mwamba," alisema. "Watu watapigana hapa. Narudi Jumamosi saa nne. Nikikuta ni hivi, mechi ya ufunguzi naihamisha. Ule uwanja wa ng'ambo wako na nyavu za duka."

"Jumamosi utakuta ni vingine," Orpah akasema.

"Vipi?"

"Bado sijajua. Lakini utakuta."

Uwanja huo wa Nyamuanda haukuja kwa siku moja. Zamani ilikuwa ni kichaka cha miiba juu ya ufuo, mahali pa mbuzi na pa kuanikia nyavu. Watoto walicheza chini, katikati ya mashua, na kila mpira uliopigwa kwa nguvu uliishia ziwani. Kwa miaka miwili watu walikata miiba kila Jumamosi, wanaume na mapanga, wanawake na majembe. Werema, fundi wa kuchomelea vyuma, Mkuria aliyetoka Isebania akaoa huku, akatengeneza magoli na bembea kwa mabomba. Serikali ya kaunti ikaleta viti vya simiti na choo. Kilichobaki kilikuwa nyavu tu.

Katika mkutano, Cephas, mwenyekiti wa ufuo, alisema nyavu ziagizwe Kisumu. Hapo ndipo Orpah aliposimama.

"Sisi watu wa nyavu tukanunue wavu Kisumu? Mwenye duka atacheka mpaka atuulize kwetu tunavua na nini, sufuria?"

Watu walipiga makofi. Hawakujua jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiyahitaji makofi hayo. Siku hizi nyavu huja zimeshonwa tayari, zimefungwa kwa marobota, na mvuvi hununua kama anavyonunua shati. Kazi iliyomlea Orpah ilikuwa imebaki viraka. Mwezi mzima ungepita hajaguswa bega na mtu mwenye wavu uliochanika. Kwa hivyo, mkutano ulipokwisha, alimfuata Madam Liz mpaka kwenye gari akamwambia: viwanja vingine mnavyojenga, nyavu zake zishonwe hapa, katika banda la akina mama. Madam Liz akasema, "Hizi zikishika, tutaongea." Maneno hayo matatu Orpah aliyabeba kama mtu anavyobeba yai.

Sasa, Alhamisi hiyo jioni, watu walipoondoka, alibaki anauangalia wavu wake. Nyatichi alibaki naye. Hao wawili wameolewa na ndugu wawili, na kama ilivyo kwetu huitana nyieka.

"Nimekosea wapi?" Orpah aliuliza, lakini alikuwa anauuliza wavu.

Kosa lilikuwa la mtu anayejua kazi yake kupita kiasi. Alikuwa ameshona wavu wa kutega. Kamba ya juu ameivuta mpaka inalia, kamba ya chini ameitia risasi za kuuzamisha, na wavu wenyewe umesimama wima kama ukuta, bila kunyanzi hata moja. Ndivyo wavu unavyotakiwa kusimama ndani ya maji. Samaki huja mwenyewe, huingiza kichwa kwenye jicho la wavu, hukwama kwa mashavu, na kesho yake unamtoa. Miaka thelathini na tano Orpah alikuwa akisifiwa kwa nyavu zinazosimama hivyo.

"Mpira hauna mashavu," alisema mwishowe.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hautegwi. Unapokelewa."

Nyatichi alijua wavu unaopokea ni upi. Katika ufuo ule kila mtu mwenye umri wake anajua. Ni kokoro, wavu mrefu unaoburutwa na watu mpaka nchi kavu, wenye tumbo katikati, mfuko mkubwa uliolegea, na kinachoingia katika tumbo hilo hakirudi. Umepigwa marufuku kwa sababu hauchagui. Hubeba mama samaki na watoto wake na mayai yao. Orpah alikuwa fundi wa matumbo ya kokoro kabla ya kuwa fundi wa kitu kingine chochote. La mwisho alilishona miezi mitatu, kwa mumewe Onyango, na maafisa wakalichoma hapo ufuoni pamoja na mengine kumi na mawili, moshi mweusi ukaingia mpaka kanisani. Onyango alilia. Orpah hakulia. Baada ya mwaka mmoja samaki walirudi wakubwa, naye akasimama mbele ya watu akasema maafisa walikuwa na haki. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mtu akionekana na kokoro, hata awe shemeji, Orpah anampeleka kwa mwenyekiti.

"Nyieka, hapana," Nyatichi akasema. "Fikiria vile watasema."

"Watasema Orpah anashona kokoro. Na itakuwa kweli."

"Sasa shona ndani ya nyumba. Ufunge mlango."

"Nikifunga mlango ndiyo itakuwa kokoro ya wizi."

Wakaenda kwa Cephas. Walimkuta kwake amekaa nje, miguu ndani ya karai la maji ya moto, kwa maana alikuwa na ugonjwa wa viungo.

"Jaduong'," Orpah akamsalimu kwa heshima ya mzee, "nimekuja kujiripoti."

"Umefanya nini?"

"Kesho nitashona kokoro."

Cephas akatoa mguu mmoja kwenye maji. "Wewe? Wewe uliyenifanya nimkamate mtoto wa dada yangu?"

"Mimi huyo huyo. Tumbo tu, bila mabawa ya kuburutia. Ya goli."

Alimweleza habari ya mashavu na kupokelewa. Cephas alisikiliza akikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuogopa barua.

"Afisa wa samaki hupita Ijumaa," alisema. "Akikuta tumbo la kokoro kwa ufuo wangu, ni mimi nitaandikiwa. Na wewe, haki ya kumkemea mtu hapa utaipata wapi tena? Vijana watakujibu nini?"

"Hilo ndilo limenileta. Kama nitashona, nishone mbele ya kila mtu, na wewe ukijua. Sitaki mtu aje kuniambia ameniona."

Mzee akarudisha mguu ndani ya maji. "Shona uwanjani, si ufuoni. Na mimi nitakaa hapo karibu na wewe, hata kama ni kwa kiti."

Ijumaa jua lilipochomoza Orpah alikuwa amekwisha kuufungua ule ukuta wake na kuutandaza kwenye nyasi mpya. Alitoa risasi zote, akaziweka kwa kopo. Akakata kibao cha kupimia macho ya wavu, kikubwa kuliko chochote alichowahi kutumia, macho ya kupitisha ngumi. Kisha akaanza kuongeza. Kazi ya tumbo iko hapo tu: kila mstari unaongeza macho machache, huku na huku, mpaka kitambaa chenyewe kinaanza kuinama bila kuambiwa. Ukiongeza haraka kinakuwa gunia. Ukichelewa kinabaki ukuta. Alikuwa hajaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mitano, na katika mstari wa tatu Nyatichi aliona vidole vimeacha kusita.

Wavuvi walipanda kutoka ufuoni kuja kuangalia, wengine na samaki mkononi.

"Yawa! Hili si kokoro?"

"Ni kokoro," Orpah akajibu, bila kuinua kichwa.

"Min Willis, ukimaliza utuazime siku mbili tu!"

"Nikimaliza nitakuvua wewe kwanza, nione kama mke wako atakununua."

Walicheka, na Cephas kwenye kiti chake akacheka pia, lakini jicho lake lilikuwa kwenye barabara. Saa sita hivi pikipiki ikaja. Afisa wa samaki, kijana mnene aliyevaa buti, alishuka akatazama kilichotandazwa, akamtazama mwenyekiti, akakitazama tena. Vijana waliokuwa wakitania wakasogea nyuma.

"Hii ni nini?"

Cephas alijaribu kusimama. Orpah alimtangulia. "Ni tumbo la kokoro, afisa. Nimeshona mimi. Pima."

Akapima. Alitoa rula yake, akainama, akaingiza mkono mzima kwenye jicho la wavu mpaka kiwiko.

"Mama, hapa hata sangara mkubwa anapita akiimba. Huu utavua nini?"

"Magoli."

Afisa alisimama pale akifikiria kama anachezewa. Halafu akaangalia magoli ya Werema, bembea, viti vya simiti, na sura ya Orpah ambayo haikuwa na mzaha.

"Ukiisha," alisema, "usiuache karibu na maji." Akawasha pikipiki. Alipofika mbali kidogo akageuka kuangalia tena.

Werema alikuja alasiri na mashine yake, akachomelea ndoano nyuma ya magoli, akasimika nguzo mbili za mkaratusi kila upande ili tumbo lipate pa kuning'inia. Usiku Orpah alilala kidogo tu, na alfajiri ya Jumamosi yeye na Nyatichi walikuwa wakifunga mafundo ya mwisho ya goli la pili, umande ukiwalowesha magoti. Chini, mahali pa risasi, waliweka mifuko ya mchanga, ili mtoto akianguka asiumie.

Saa nne kamili gari la Madam Liz likaingia. Timu mbili zilikuwa zimesimama na jezi, watu wamejaa mpaka kwenye miti, na hakuna aliyejua kama mchezo utakuwa hapa ama ng'ambo.

Madam Liz alizunguka goli lote. Akashika tumbo, likamfuata mkono. "Nani anapiga?"

"Werema apige," watu wakasema, kwa kuwa mguu wa Werema unajulikana mpaka Rongo.

Orpah alisimama nyuma ya wavu, hatua mbili, mahali mpira ungemfikia kama kitu kingekatika.

"Shemeji, toka hapo," Werema akamwambia. "Sitapiga polepole."

"Sikukuomba polepole."

Werema akarudi nyuma hatua sita. Akapiga.

Nyatichi anasema hakuuona mpira, aliona tumbo tu. Lilivimba kumwelekea Orpah, likavimba mpaka likamgusa kanga kifuani, halafu likatulia, na mpira ukashuka taratibu, ukakaa kwenye nyasi.

"Tena," Madam Liz akasema. Werema akapiga tena. Mpira ukakaa. Madam Liz akavua viatu, akaomba mpira, akapiga mwenyewe. Ulienda kombo lakini uliingia, nao ukakaa. Ndipo kelele zilipoanza, na Cephas akasahau viungo vyake akasimama juu ya kiti cha simiti.

"Mama," Madam Liz alisema akitafuta viatu vyake, "Jumatatu uje ofisini na kibao chako cha kupimia. Mkubwa wangu atataka kuona. Nitamwandikia nyavu za viwanja vyote zitoke hapa."

"Tutakuja wawili. Andika na Nyatichi."

"Naandika. Kutia sahihi si mimi, ujue."

"Wewe andika," Orpah akasema. "Sahihi nitaifuata mwenyewe."

Mchezo ukachezwa. Walioshinda na walioshindwa Nyatichi hakuniambia, na mimi sikuuliza. Mchana ukapita, wageni wakaondoka, ng'ombe wakaanza kurudishwa, na wasichana wa mtaa, waliokuwa wakingoja zamu yao tangu asubuhi, wakaingia uwanjani na mpira wao, Beverly wa kwa Cephas akiwa mbele anawagawa huku na huku.

Orpah alikuwa ameenda kukagua mafundo ya goli la upande wa ziwa. Yalikuwa sawa. Akaingia ndani ya goli aangalie na yale ya chini, akakaa kwenye nyasi, akaegemea. Tumbo lilimpokea mgongo wote. Upepo ulitoka majini ukipita katika macho yale makubwa, ukampuliza shingoni. Alianza kuhesabu mstari kwa kidole, akafika kumi na nane, akarudia kumi na nane.

Beverly alikuja mbio na mpira, akainua mguu apige, akasimama. Akageuka, akaweka kidole mdomoni.

"Twendeni lile lingine," akawaambia wenzake.

Wakaenda wote upande wa pili, wakacheza na goli moja mpaka mpira ukawa hauonekani tena. Orpah hakujua. Mkono wake ulikuwa ndani ya jicho la wavu, amelala.