Kitufe Namba Tisa

Saa tatu asubuhi, kwenye harusi ya binti wa muuza vitunguu, Tarwid alivua kandambili zake, akazipanga ukingoni mwa jukwaa, akapanda. Wapiga besi wa pwani ile yote hupiga peku. Jukwaa ni mbao zilizolazwa juu ya madumu, spika za kujisikilizia zimewekwa mbele ya waimbaji na zinawatazama waimbaji, na aliye nyuma na gitaa la besi hana chake. Hujisikia kwa nyayo. Mbao zikitetemeka vizuri anajua yumo ndani ya wimbo, zikitetemeka vibaya anajua kabla ya bwana harusi.

Siku hiyo lakini alikuwa na chombo kipya. Kilikuwa kisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wa pakiti ya sigara, cha kubana kwenye mkanda. Waya mmoja ulikwenda kwenye miksa, mwingine ulipanda mgongoni mpaka masikioni. Sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kupiga mluzi tangu mwaka uliopita, nalo lilimtia hofu. Ndiyo maana alikwenda kwa Wartono, anayeuza vyombo vya muziki vya mtumba nyuma ya stendi, akakinunua kwa rupia laki moja na themanini elfu.

"Kulia kinapiga safi," Wartono alimwambia. "Kushoto kinaingiza mtu."

"Mtu gani?"

"Nitajuaje mimi? Kila kimoja na wake. Nilimuuzia mpiga kinanda mmoja, chake kinaingiza mama mkwe. Mwenzio kanenepa hivyo hivyo. Kama hutaki mtu, kipo kisicho na mtu, laki saba."

Tarwid akasema mtu mmoja si tatizo.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, besi yake ilimwingia sikio la kulia, nene, kila noti mahali pake. Katika miaka minne ya kupiga hakuwahi kujisikia, na kidogo machozi yamtoke. Sikio la kushoto liliingiza bata. Walikuwa wengi, wanagombea chakula. Kisha akasikika mwanamke akikohoa, akasogea karibu sana, akasema, "Baba Kusnia, leo wametaga mia na kumi." Tarwid aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Bi Dasimah, mke wa Casmadi, ambaye kwa heshima wote walimwita Mang, yaani mjomba. Hakukosea hata noti moja.

Wimbo ulipokwisha alimwinamia Wasnadi, fundi mitambo wa bendi.

"Kushoto napata bata."

"Wa nani?"

"Wa Mang Casmadi."

"Basi hayo ni masikio yake," Wasnadi alisema, huku akikunja waya. "Si alikuwa nayo mazuri? Lazima yaende mahali."

Mang Casmadi alikuwa hasikii kitu huu mwaka wa nne. Kabla ya hapo alikuwa mpiga besi wa bendi hiyo hiyo, na Tarwid alikuwa fundi mitambo wake. Siku hizi Casmadi alifuga bata, na mkewe aliuza mayai yao ya chumvi kwenye barabara kuu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Tarwid hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Kwenye miksa ya bendi ile kuna kitufe cha kuzungusha, namba tisa, ambacho hakikuunganishwa na chochote. Mafundi mitambo wote wanacho, ila hawakitangazi. Mwanamuziki ni mtu wa kulalamika: niongeze, nipunguze, sijisikii. Huwezi kumwongeza kila mtu, spika zitalia. Basi unamtazama machoni, unakunja uso kwa uzito wa kazi, unazungusha namba tisa polepole. Yeye anasikiliza kidogo, anainua dole gumba, anasema, "Hapo hapo." Mnaendelea. Kwa mwimbaji aliyeamka vibaya, dawa hiyo haina madhara.

Casmadi lakini alikuwa hajisikii kweli. Mwenye bendi, Haji Sukarta, alikuwa mkarimu mbele za watu na mgumu nyuma ya jukwaa, na spika ya kujisikilizia kwa safu ya nyuma hakuwahi kuinunua. Tarwid aliona aibu kumwambia mtu wa rika la baba yake kwamba hana spika. Akawa anazungusha namba tisa. Alizungusha miaka sita, harusi baada ya harusi, na kila mara Casmadi aliinua dole gumba. Kwa kuwa aliamini ameshaongezwa, Casmadi aliona kasoro ni yake mwenyewe. Akawa anarudi nyuma nusu hatua, kisha nusu hatua nyingine, mpaka mgongo wake ukaegemea ile spika kubwa ya besi, ndefu kama kabati la nguo. Pale alijisikia. Pale ndipo masikio yalipokwisha, kwanza ndege, kisha mkewe, kisha wimbo.

Alipoanza kuchelewa kwenye kona za nyimbo, Haji alisema, "Tarwid, wewe nyimbo zote unazijua. Shika gitaa." Tarwid akashika. Casmadi mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, pamoja na kitambaa cha kufutia nyuzi, akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kukitumia.

Ramadhani ilipoingia harusi zikasimama, lakini Tarwid hakukivua kisanduku. Upande wa kushoto haukuhitaji miksa, ulitaka betri mbili ndogo tu. Alikivaa akitengeneza baiskeli, akakivaa akimenya vitunguu vya mkewe. Kila siku, baada ya adhuhuri, Bi Dasimah alikuja kuketi kando ya mumewe, akaweka mdomo kwenye sikio lake na kuzungumza naye. Alijua hasikii. Casmadi alipenda joto la pumzi, na yeye alipenda kusema.

"Mjukuu wako kahifadhi Yasini nzima. Umemsikia? Najua hujamsikia. Kasoma vizuri."

Siku nyingine alisema, "Jana ulininunia bure. Chumvi nilizidisha, basi, nimekubali." Siku nyingine hakusema habari yoyote, alimwita tu kwa jina alilokuwa akimwita walipooana, mara tatu, nne, na Tarwid, akiwa na gurudumu mapajani, aliyapokea yote. Siku za kwanza alitabasamu. Kisha aliona haya. Maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo hayapati. Ilimuuma hasa, mahali pale ambapo kwa miaka kumi alikuwa ameweza kutopatazama.

Idd kwao huendewa nyumba kwa nyumba. Mdogo hupiga magoti, hushika mkono wa mkubwa, husema, "Nisamehe makosa yangu, ya nje na ya ndani," na mkubwa hujibu, "Nimesamehe, nawe nisamehe." Haulizwi mtu kosa gani. Tarwid alikuwa amemwambia Casmadi maneno hayo kila mwaka, akala ketupat, wali uliopikwa ndani ya vifuko vya majani ya mnazi, na kuku wa tui, akarudi nyumbani mwepesi. Mwaka huu aliamua kulitaja kosa lenyewe. Alitaka asamehewe hilo, au asisamehewe, lakini liwe hilo.

Alimkuta Casmadi ameketi mlangoni na sarong mpya, mistari ya pasi bado inaonekana. Bata walikuwa wamefungiwa kwa ajili ya wageni. Tarwid alipiga magoti, akaushika mkono.

"Mang," alisema, "namba tisa haikuwa na waya. Kila uliponiomba nikuongeze, sikukuongeza. Nilikudanganya miaka sita. Ulirudi nyuma kwenye ile spika kwa sababu yangu, na masikio yako nimeyaua mimi."

Maneno yalimwingia yeye mwenyewe, sikio la kushoto, yamechelewa kwa pumzi moja. Aliisikia sauti yake ikikiri, safi, bila mkwaruzo, kama mtu wa pembeni anayemweleza jambo. Casmadi aliitazama midomo yake kwa adabu, kama kila mwaka, akangoja itulie. Mwaka huu ilichukua muda.

"Nimesamehe," Casmadi alisema, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia. "Ya nje na ya ndani. Nawe nisamehe mimi, mwanangu. Ule, usiondoke bila kula."

Bi Dasimah alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la ketupat.

"Bi," Tarwid alimgeukia, "mwambie. Nyinyi mnaelewana kwa mikono, na yeye hajui kusoma. Mwambie nilichosema."

Aliweka sinia chini kwanza.

"Tarwid, unajua wageni wakija huwa anawaambia nini?"

"Sijui, Bi."

"Anawaambia hivi: 'Haji hakunijali, waimbaji hawakunijali, lakini nilikuwa na fundi wangu. Kila nikimwomba, alinipa.' Hiyo ndiyo hadithi yake. Bendi nzima, miaka ishirini, katoka na hicho kimoja." Alifuta mikono kwenye kanga ya batiki. "Leo Idd unataka nimpokonye?"

"Lakini si kweli."

"Nimesikia si kweli. Sina viziwi wawili humu ndani."

Tarwid alikuwa ameshaanza kusema kweli na hakujua pa kuishia, kwa hiyo akamwonyesha kisanduku, akamweleza upande wa kushoto. Bi Dasimah alisikiliza kama mtu anayeambiwa bomba la maji limepasuka mahali.

"Yote yanakuja kwako?"

"Yote."

"Hata ya mchana?"

"Hata ya mchana, Bi."

Aliangalia chini, kwenye sinia, akasogeza ketupat moja iliyokuwa pembeni.

"Mrudishie," alisema.

Tarwid alizitoa spika masikioni mwake, akazifuta kwa kitambaa, akamvalisha Casmadi, kushoto kwa kushoto. Mara kisanduku kikapiga mluzi, kama ufanyavyo mtambo wowote unaorudishiwa sauti yake mwenyewe. Mluzi ulikuwa mkali. Bata walipiga kelele bandani na mtoto wa jirani akaziba masikio. Casmadi peke yake alikaa ametulia, anangoja. Tarwid alikishika haraka kitufe cha kisanduku, akakizungusha polepole, kurudi nyuma, mpaka sifuri, mpaka mluzi ukafa na hakuna kilichokuwa kinapita kwenye waya.

Casmadi alikuwa anatazama vidole vile kwenye kitufe. Uso wake ukafunguka. Akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza, akainua dole gumba.

"Hapo hapo," alisema. "Sasa najisikia."

Bi Dasimah aliingia ndani. Tarwid alikula ketupat mbili, kwa kuwa aliambiwa ale, na alipoondoka Casmadi alimrudishia kisanduku mwenyewe, akakibana kwenye mkanda wake kwa mkono wake, akampigapiga begani.

Mfungo mosi harusi zilifuatana. Haji Sukarta alinunua spika mpya ya mbele ya waimbaji, yenye taa za buluu. Tarwid alimfuata nyuma ya jukwaa, akamwambia safu ya nyuma nayo inahitaji, akamtajia na Casmadi.

"Casmadi?" Haji alisema. "Casmadi alizeeka, Tarwid. Wazee hawasikii. Na wewe si unacho hicho kidude chako? Basi."

"Na mpiga ngoma?"

"Ngoma inasikika mpaka kijiji cha pili. Ajisikilizie nini tena?"

Wakapanda. Baada ya wimbo wa tatu mpiga ngoma mpya alimwita Wasnadi, akamwonyesha sikio, akalalamika kwamba hajisikii. Wasnadi alikunja uso, akapeleka mkono kwenye miksa, akazungusha namba tisa. Mpiga ngoma aliinua dole gumba. Tarwid aliona, na waimbaji waliona, na Haji aliona, na mtangazaji akawataka wageni wakaribie kula.

Adhuhuri ikapita. Katika sikio la kushoto bata walitulia, kandambili zikaja zikiburuta, kigoda kikalia. Bi Dasimah aliketi kando ya mumewe kama kawaida, akaweka mdomo kwenye sikio lake. Tarwid alingoja. Hakuja na idadi ya mayai, wala habari za mjukuu, wala lile jina. Tangu Idd hakusema tena. Siku hizi alipumua tu, kwa kuwa pumzi Casmadi aliipata, na maneno sasa alijua yanakwenda kwa nani. Ikasikika pumzi moja, kisha nyingine, ya mwanamke aliyefunga mdomo. Kwenye jukwaa wimbo ulianza, na Tarwid, peku juu ya mbao, akaingia kwa wakati.