Maji Chini ya Dizeli

Mimi Nasma ndiye niliyekausha tanki la lori, na nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu baba. Msimu wa kahawa ulipokwisha, tulilipaki lori nyuma ya duka letu hapa Mbinga mjini. Wenye malori wa mtaa wetu wote hufanya hivyo: huinyonya dizeli yote na kuiweka kwenye madumu ndani ya nyumba, kwa kuogopa wezi wanaopita gizani na mipira ya kunyonyea. Nami nikainyonya mpaka tone la mwisho, nikajiona mjanja.

Baba yangu, Mzee Masoudi, aliliendesha lori hilo miaka ishirini na sita kabla macho hayajaanza kumsumbua. Aliposikia nilichofanya aliniita, akaniambia nilijaze tanki mpaka shingoni kisha nitie kufuli kwenye mfuniko. Mbinga ina baridi, alisema. Tanki tupu limejaa hewa, na hewa ikipoa hutoa jasho kwenye bati kama mfuniko wa sufuria. Jasho hilo hushuka chini likawa maji, na maji yakikaa huleta kutu. Dizeli ikijaa, jasho halina pa kushika. Nikamjibu, "Ndiyo, baba," kwa ile sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Nina ulimi mkali na haraka ya kila kitu, ndivyo nilivyo. Lori likakaa tupu miezi mitano ya mvua.

Mwezi wa nne daktari wa macho alituambia ukweli. Jicho la kushoto la baba lilikwisha kufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa likiona kwenye jua kali tu, na hilo nalo lingeweza kuzimika siku yoyote. Njiani kurudi nyumbani baba alisema kitu kimoja: anataka kumwona dada yake Tunu, aliyeolewa Ngumbo, kule ziwani. Hakuwa amemtia machoni miaka tisa. Shangazi alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kupanda gari, kwa hiyo tungemfuata sisi.

Nikairudisha dizeli ya kwenye madumu, nikapakia magunia mawili ya maharage ya Matiri, tukaondoka asubuhi. Lami ya kushukia Mbamba Bay tuliimaliza vizuri. Baba alikaa wima pembeni yangu, akinitajia kona kabla hatujazifikia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimsikia akicheka. Nilipiga hesabu kwamba saa saba mchana tungekuwa tumefika, jua likiwa juu kabisa. Tulipoipita Liuli barabara ikawa ya mashimo, lori likaanza kurushwa huku na huku, injini ikaanza kumisi, ikikatakata kama mtu mwenye kikohozi. Ikaishiwa nguvu, kisha ikazima.

Baba aliniambia nilegeze nati iliyo chini ya tanki, nikinge kinachotoka. Nilimtilia kidogo kiganjani. Akakisugua kwa dole gumba.

"Dizeli huteleza," akasema. "Hii inakwaruza. Ni maji na kutu."

Nilingoja aniambie nililostahili kuambiwa. Aliniuliza tu kama tuna kitambaa safi. Hatukuwa nacho, ila doti ya kanga mpya tuliyomnunulia shangazi. Nikasita, naye akasema Tunu ameshavaa kanga nyingi maishani. Basi nikayamwaga maji, nikachuja dizeli kwa kanga ile ndani ya ndoo, nikaisafisha filta, nikasukuma pampu ya mkono mpaka upepo ukatoka kwenye mabomba ya dizeli. Injini ikawaka. Tulikwenda kama kilometa mbili, ikazima tena. Kutu ya miezi mitano ilikuwa ikibanduka kwa mitikisiko na kuziba kila kitu. Nikarudia kazi yote toka mwanzo. Ikazima mara ya tatu, na saa yangu ilisema saa tisa na nusu.

Hapo akapita mtu wa bodaboda, Stephano, jirani yake shangazi. Alisema anaweza kumfikisha mzee kabla jua halijapoa. Nikamshika baba mkono nimpandishe, akaukaza mguu. Nilimbembeleza, kisha nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamwambia kosa ni langu na lori nitabaki nalo mimi.

"Nikuache peke yako barabarani?" akasema. "Tunu atakuwepo kesho."

"Na jicho je, baba?"

"Jicho ni langu. Shika spana."

Stephano akatangulia kupeleka habari. Nilifanya kazi machozi yakinitoka, na baba akanishikia ndoo mpaka mwisho. Tulifika Ngumbo magharibi imekwisha kuingia. Shangazi alimkumbatia kaka yake mlangoni, amesimama kwa magongo, na kwa mwanga wa taa baba hakuweza kuona zaidi ya kivuli. Akasema watatazamana asubuhi. Tukala ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, nami sikusikia ladha yoyote.

Jua lilipopanda vizuri tulimtoa shangazi uani, tukamweka kwenye kiti mwanga ukimpiga usoni. Nikamkalisha baba mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Akatazama kwa muda mrefu. Nilisimama nyuma ya shangazi.

"Umefanana na mama," baba akasema. "Hata huo mwanya wako ni wa mama. Nasma, nimemwona shangazi yako. Tumewahi, mwanangu."

Nilishusha pumzi, nikajikuta nacheka kama mwehu. Kisha nikayaangalia macho ya baba. Hayakuwa yakimtazama shangazi. Yalikuwa yametulia pembeni, kwenye ukuta wa jiko, na uso wake ulikuwa na tabasamu alilolitengeneza kwa ajili yangu.

Shangazi naye alikuwa ameona. Aligeuka kidogo, akanitikisia kichwa nisiseme kitu. Kisha, pamoja na ile nyonga yake, akajisogeza polepole kwenye kiti, huku akiuma midomo kwa maumivu, mpaka uso wake ukafika pale macho ya kaka yake yalipokuwa yakitazama.