Godoro la Barakoa

Umm Ayad, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anadai alimwona mama yangu juu ya paa akianika barakoa kwenye kamba, kila moja na kibanio chake, kama mtu anayeanika nepi. Anadai zilikuwa nyingi mpaka kamba ikalegea ikagusa banda la njiwa. Anadai mama alikuwa akizinusa moja moja huku anatabasamu, na kwamba yeye, Umm Ayad, alimwita kutoka paa lake: "Umm Rifaat, dada yangu, hayo ni mate ya wagonjwa." Mama akamjibu: "Mate yamekufa kwa soda ya kufulia, mpenzi. Wewe je, bado uko hai?" Anadai ndipo maradhi yalipoingia. Mama aliyashona kwa mkono wake mwenyewe ndani ya godoro, anasema, na juu ya godoro hilo alitaka kumlaza mjukuu wake wa kwanza.

Anasimulia hivyo kwenye ngazi, anasimulia kwenye foleni ya mkate, na kila akisimulia kamba inazidi kulegea.

Kuna yaliyo kweli. Barakoa zilianikwa, na mimi ndiye niliyeshika bakuli la vibanio. Jibu lile pia ni la mama, nalisikia mpaka leo. Lakini kuzinusa hakuzinusa, na maradhi hayakuingia kwa njia hiyo. Hilo Umm Ayad halijui. Tunalijua mimi na baba.

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kukaa chini na kutazama kinachopita mikononi mwangu. Baba na kaka yangu Rifaat hukusanya takataka za majengo ya Dokki, mtaa mwingine wa Kairo, na kuzileta huku kwetu chini ya jabali la Muqattam kabla jua halijakolea. Sisi wanawake tunachambua. Ghorofa ya chini ya nyumba yetu haina kitanda wala kiti. Ina lundo, na sisi katikati yake. Chupa za maji huku, ndoo na madumu kule, nailoni pembeni, makopo kwenye gunia lao, mabaki ya chakula kwa mbuzi. Mama alinifundisha kwa maneno mawili tu: "Kina mnunuzi." Mfupa una mnunuzi. Mswaki una mnunuzi. Kiatu kisicho na mwenzake, kiweke, mnunuzi wake yuko njiani.

Korona ilipoingia, watu wa Dokki walijifungia ndani na takataka zao zikawa nzito. Chakula kilikuwa kikiletwa mpaka mlangoni kwao, kila bakuli na kifuniko chake, kila kijiko kimevishwa mfuko wake, mfuko ndani ya mfuko. Vichupa vya dawa ya mikono havihesabiki. Mama alifurahi. Alisema ugonjwa umetuletea mavuno. Kisha Muallim Sobhi, mnunuzi wetu mwenye mashine ya kusaga plastiki, akasimama mlangoni, akatazama magunia yetu na kujikuna shingo.

"Sichukui, Umm Rifaat."

"Umekuwa paka anayekataa samaki, Muallim?"

"Viwanda vimenifungia. Mafuta yameshuka bei, plastiki mpya sasa ni rahisi kuliko hii yako ya kuoshwa na kusagwa. Nitampelekea nani?"

"Mpelekee mama mkwe wako alalie."

"Mama mkwe ana godoro," akasema Muallim Sobhi, akacheka. Mama naye akacheka, lakini mimi niliona neno lile limemkaa.

Magunia yakabaki. Yakajaza chini, yakapanda ngazi, tukawa tunapita ubavu ubavu kwenda kulala. Na juu ya hayo zikaanza kuja barakoa.

Barakoa ndiyo iliyomshinda mama. Aliishika, akaivuta, akaifinya karibu na sikio asikie inavyolia, akaichoma ncha kwa kiberiti. Ni plastiki, ila imefumwa kama kitambaa; ina waya puani na mpira masikioni, na hakuna mashine inayoitaka. Akaiweka gotini na kuitazama kwa muda.

"Hii haina mnunuzi, Yustina," akasema, kwa sauti niliyoisikia siku aliyofiwa na dada yake tu.

Upepo wa jabali ukazichukua zile ambazo watu walizimwaga tu. Zikanasa kwenye nyaya za umeme na kwenye banda la njiwa. Zikaziba mfereji, maji machafu yakaingia kwa Umm Ayad mpaka kwenye zulia. Mbuzi wetu mweusi alizila, akavimba, akafa. Rifaat alipompasua alikuta tumboni tonge la buluu ambalo halikuyeyuka hata kidogo, mipira yake bado imefungana. Wengine wakawa wanazichoma jioni, na moshi wake ulikuwa ukiganda kooni kama ute. Mama hakukubali kuchoma. Kuchoma kwake ilikuwa ni kukiri kwamba hazina mnunuzi.

Wakati huo wifi yangu Mahrael, mke wa Rifaat, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo limekwisha kumtangulia. Asubuhi moja mama alimtazama akishuka ngazi kati ya magunia, mkono mmoja kiunoni, akasema, "Nimempata mnunuzi. Yumo humo ndani."

Tulizilowesha kwenye pipa la soda tunayooshea plastiki, ile inayobabua vidole. Tukazichemsha. Tukazianika, tukazigeuza, jua la paa likazikausha mpaka zikawa zinakwaruza. Waya tukauchomoa ukaenda kwenye gunia la vyuma, mipira tukaikata. Zilizobaki tukazichambua kwa vidole kama pamba. Mama alitoa jalabia yake ya maua, ile ya kuvaa Pasaka, akaikata bila kuitazama mara mbili, akashona foronya ya godoro. Kwenye pembe moja akatarizi msalaba mdogo kwa uzi mwekundu.

Mahrael alilibonyeza kwa kidole kimoja. "Mama mkwe, mwanangu atalala juu ya midomo ya watu?"

"Midomo iliyooshwa. Wewe ulilala juu ya maganda ya mahindi, na angalia ulivyo mrembo."

Mahrael akacheka, ila mkono wake aliupangusa kwenye nguo.

Sasa nifike pale ambapo Umm Ayad hapajui. Kabla godoro halijamalizika, kabla hata jalabia haijakatwa, baba alirudi kutoka kazini anakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu. Alisema ni vumbi. Siku zilizofuata macho yake yakawa mekundu, na ful aliyopenda, ile ya maharagwe, akaisukuma kando akisema haina chumvi, wakati mimi na mama tuliiona ina chumvi. Mama alimsugua kifua kwa mafuta ya kafuri, akamkorogea chai ya ndimu, akalala ubavuni pake kama siku zote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na baba akaniita karibu.

"Usimwambie mtu kwamba nakohoa."

"Baba, ungepumzika kidogo."

"Bawabu mmoja akisikia hatanifungulia lango. Akinifungia mmoja, watanifungia wote. Kazi ya majengo yale aliniachia baba yangu. Hata Rifaat asijue."

Kesho yake alimtuma Rifaat mbele na gari, yeye akafuata taratibu, akikohoa njiani ili amalize kabla ya kufika. Akapona. Alipopona, mama akaanza.

Kwa mama halikuwa jambo dogo. Alikaa kitandani amejiegemeza magunia, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha maji kutoka kisima kirefu. Umm Ayad, lazima niseme, katika siku zile alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka paa lake mpaka dirishani kwetu, ndani yake supu ya dengu na mkate uliofungwa kwa kitambaa. "Anywe ingali moto," alikuwa akisema kutoka juu. "Mwambie nikifa kabla yake nitamdai bakuli langu." Mama alikuwa anacheka bila sauti.

Wakampeleka hospitali. Mimi sikuruhusiwa hata kufika kwenye lango.

Waliokwenda kumzika ni baba na Rifaat tu, na padri alisomea kwa mbali. Baba aliporudi alikaa kwenye ngazi ya chini, kati ya magunia yetu, viatu vimejaa mchanga. Nilimletea maji, hakunywa.

"Wamemfunga kwa nailoni," akasema.

"Nailoni gani?"

"Nene. Ile nyeupe safi."

Nilijua ni ipi. Ndiyo mama aliyokuwa akiiweka kando kwanza wakati wa kuchambua, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya tatu padri hakuweza kuja kuiombea nyumba. Alisali kwa simu, nami nikashika maji na kunyunyiza pembeni, kila pembe ikiwa na gunia.

Baada ya hapo ndipo maneno yakaanza. Nadhani Umm Ayad aliogopa. Mlango wake unafuata mlango wetu, na mtu akiogopa anatafuta sababu ambayo yeye hana. Yeye hakushona godoro, kwa hiyo yeye hatakufa. Lakini maneno yakishatoka hayabaki na woga ulioyaleta. Kwenye foleni ya mkate nilisikia mwanamke nisiyemjua akimwambia mwenzake, "Yule aliyeuawa na ubahili wake. Alikuwa anashonea watoto barakoa za maiti." Arobaini ilipofika nilipika peke yangu. Wanawake ambao mama aliwakandia unga kwenye misiba yao walituma salamu, wakakaa kwao. Mikate ililala kwenye sinia mpaka ikakauka, nikawapa mbuzi waliobaki.

Mahrael alikwenda kujifungulia kwao. Akapata msichana. Rifaat alituonyesha picha kwenye simu, kichwa kidogo chekundu ndani ya kitambaa, na baba akakishika kile kioo kwa mikono miwili. Lakini Mahrael alisema hatarudi na mtoto kwenye nyumba ile mpaka godoro litoke. Simlaumu. Amesikia tulichosikia sote, na hakuna aliyemwambia vingine.

Jana Rifaat alikuja na kamba na gunia. Baba alikuwa juu ya paa, karibu na njiwa, amekaa kwenye godoro. Tangu arobaini amekuwa akilipandisha asubuhi na kulishusha jioni, kwa kisingizio kwamba linahitaji jua. Umm Ayad alimfuata Rifaat mpaka kwenye ngazi ya juu, amejifunga mtandio puani.

"Sisogei karibu," akasema. "Nimekuja kuhakikisha tu."

"Baba, nipe," akasema Rifaat. "Mtoto wangu yuko kwa watu."

Baba hakunyanyuka.

"Baba, nakuomba kwa adabu. Nitalitupa."

"Wapi?" akauliza baba.

Rifaat akageuka kutazama mtaa. Chini yetu kulikuwa na paa baada ya paa, na juu ya kila paa magunia, na barakoa zimeganda kwenye nyaya kama ndege waliosahau kuruka. Vitu vyote vinavyotupwa Kairo vinatupwa kwetu. Sisi hatuna pa kutupia.

"Basi nitalichoma."

"Moshi wake utaingia kwangu," akasema Umm Ayad.

"Sasa unataka nini, Umm Ayad? Lisikae, lisichomwe?"

"Nilitaka mama yako anisikilize. Nilimwambia, Mungu ni shahidi. Nilimwambia kwa mdomo huu. Mtu anayefanya jambo kama lile nyumbani mwenye mkaza mwana mjamzito, jamani." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bakuli langu bado liko kwenu."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kipo pale pembeni penye msalaba mwekundu. Nilingoja aseme. Nimekuwa nikingoja tangu siku ya sinia, nikiwapikia, nikichambua peke yangu, nikipita kwenye foleni na uso chini. Sikumwambia mtu, kama alivyotaka. Nilidhani atasema msibani. Nilidhani atasema arobaini. Mama aliondoka na nailoni yake, na jina lake likabaki huku kwetu, linaokotwa na kila apitaye.

Godoro litatoka, najua. Mtoto lazima aje nyumbani. Lakini likitoka hivi, mama atatoka nalo kama alivyosimuliwa, na yule msichana atakua akiambiwa kwamba bibi yake nusura amuue.

Nikachuchumaa mbele yake, karibu, ili asilazimike kuinua uso.

"Baba," nikasema, "Rifaat atalichukua, nami nitamsaidia kulifunga. Lakini kwanza waambie. Umm Ayad yupo hapa, Rifaat yupo hapa. Waambie nani alianza kukohoa."

Rifaat akaacha kukunja kamba. Umm Ayad akashusha mtandio kutoka puani.

Baba akapata uzi mwekundu uliojitokeza kidogo pale kwenye msalaba, akaushika kwa kucha mbili, na kuanza kuurudisha ndani, taratibu, kana kwamba hakuna mtu juu ya paa isipokuwa njiwa.

"Waambie, baba," nikasema.