Aliyeomba Nyuzi Kuukuu

Ozelia Lemelle hakwenda kwa fundi Wilbert kutafuta maneno. Alikwenda kuchukua gitaa lake la besi, ambalo shingo yake ilikuwa imepinda kwa unyevu wa kiangazi cha Louisiana. Tena alikwenda kusikia ubishi, maana mpiga besi aliyekaa nyumbani tangu Juni hutamani ubishi kama mgonjwa anavyotamani chumvi.

Ubishi aliukuta mlangoni. Dalton, mpiga besi wa bendi moja ya Opelousas, alikuwa ameegemea kaunta akisifu gitaa lake jipya la nyuzi tano.

"Nyuzi tano za nini?" Wilbert alimuuliza bila kuinua macho. "Hizo nne zenyewe unatumia mbili."

"Ule wa tano ni wa chini kabisa, mzee. Nikiugusa, vikombe vinatembea mezani."

"Vinatembea kwa sababu watu wanaondoka navyo."

Ozelia akacheka. Dalton akamgeukia. "Cheka tu, dada. Wewe na lile lispika lako, zito kama friji. Siku hizi amplifaya unaibeba kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika kahawa yako."

"Ndiyo maana kwenye harusi ya binamu yangu hatukukusikia. Nilidhani bwana harusi amekodi bendi isiyo na besi."

Hata Wilbert aliicheka hiyo. Ozelia naye alicheka, ila mkono wake wa kushoto aliuacha mfukoni. Juni daktari alikuwa amempasua kiungo cha dole gumba, akamwambia kwamba miwa ikianza kukatwa atakuwa amerudi kwenye bendi. Sasa malori ya miwa yalikuwa yanapita barabarani kutwa, na kidole bado kilikuwa kinakakamaa akifungua chupa ya maji. Hakuwa amemwambia mtu.

"Halafu yule kijana wako alipita hapa," Wilbert akasema. "Jarvis."

Jarvis Papillion ndiye aliyemkaimu Ozelia katika bendi ya Nolton Zeno, mpiga kodiani. Kijana mdogo, aliyesomea muziki chuoni, mwenye vidole virefu kama miguu ya korongo.

"Alitaka nini?"

"Nyuzi zako."

"Nyuzi zangu zipi?"

"Zile kuukuu nilizozitoa kwenye gitaa lako Juni. Nilikuwa nimezikunja nikazitia kwenye droo, sikuwa na moyo wa kuzitupa. Akaniomba, nikampa."

Dalton alipiga mluzi. "Makubwa! Wengine huokota nywele na kucha, yeye kaokota nyuzi. Dada yangu, kaoge maji ya chumvi leo leo."

"Acha masihara, Dalton."

"Masihara? Nasikia pia amemwomba Nolton rekodi zenu zote za mwaka jana. Anazisikiliza kwenye gari kama mahubiri."

Ozelia alilichukua gitaa lake akaaga. Njiani maneno yale yalimrudia moja moja. Kila mpiga besi anajua thamani ya nyuzi kuukuu. Nyuzi mpya hulialia kama sarafu zilizoanguka sakafuni, lakini zilizokunywa jasho la mtu miaka na miaka hutoa mshindo mzito na mfupi, kama kisigino kinapogonga sakafu ya mbao. Mtu huzitunza za kwake. Kuomba za mwenzako ni kama kuomba mswaki wake. Na Jarvis alikuwa na gitaa lake zuri, lenye sauti ya kung'aa. Nyuzi za mwanamke wa miaka hamsini na mbili alizitakia nini?

Shaka ni kama unyevu, huingia kwenye mbao bila kubisha hodi. Kufika nyumbani, Ozelia alikuwa ameshakumbuka kwamba Nolton hakumpigia simu wiki hiyo, wala iliyotangulia. Alikumbuka kwamba Jarvis alipokuja kumjulia hali alimwuliza eti huwa anasimama upande gani wa mpiga ngoma. Alikumbuka wanaume wawili aliowafahamu, waliokwenda kufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, na waliporudi wakakuta nafasi zao katika bendi zimekaliwa, na wenye kuzikalia hawakutaka hata kuwatazama machoni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Na huyu kaingia nguoni kabisa.

Jumamosi asubuhi alijifunga kitambaa, akavaa kofia ya marehemu mumewe, akaenda Breaux Bridge, kwenye ukumbi ambako Nolton alipiga kila wiki wakati watu wakila. Alikaa nyuma ya nguzo na sahani ya mayai na soseji iliyojazwa wali ambayo hakuigusa. Sakafu ilikuwa imeshajaa. Wanawake waliovaa buti walikuwa wakizungushwa na wanaume waliovaa mikanda mipana, na mtoto wa kaka yake Nolton alikuwa akikwaruza kwa mdundo bati la muziki lililomning'inia kifuani.

Ozelia hakuwatazama. Alifumba macho akasikiliza besi.

Alitamani Jarvis awe mbovu. Alipoona si mbovu, alitamani basi awe hodari kupita kiasi, aupambe wimbo kwa madoido ya chuoni, ili apate kumchukia vizuri. Jarvis hakumpa hata hilo. Alikuwa akipiga kama Ozelia. Mshindo ulikuwa uleule. Kimya kati ya noti kilikuwa kilekile. Hata pale kodiani inapogeuka kuanza ubeti mpya, Jarvis aliingia mapema kidogo, kabla ya pigo lenyewe, kosa ambalo Nolton alimgombeza Ozelia kwa miaka kisha akachoka.

Kwenye meza ya jirani Bi Eula, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu lakini hakosi Jumamosi, alikuwa akitikisa kichwa huku akitafuna. "Ozelia kaamka vizuri leo," alimwambia mjukuu wake.

Ozelia akameza kahawa iliyomchoma koo. Kwa hiyo hata nikifa, alifikiri, hakuna atakayeacha kucheza.

Wakati wa mapumziko alimfuata Jarvis mlango wa nyuma, alikokuwa akinywa soda kando ya gari la bendi.

"Umefanya kazi nzuri," alimwambia. "Mwizi wa kuku huacha manyoya. Wewe hukuacha kitu."

Jarvis alishtuka, kisha akaitambua sura chini ya kofia. "Mama Ozelia! Mbona hukusema unakuja?"

"Ili unitayarishie nini? Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Zipo. Ziko kwenye gitaa." Alitazama chini. "Fundi amesema?"

"Amesema. Na habari za rekodi nimesikia. Mpaka kosa langu umelichukua, Jarvis. Kosa! Mtu anaiba hata kosa?"

"Lile si kosa, mama. Wachezaji hugeukia pale. Wiki ya kwanza niliingia kwa wakati, watu wakagongana kama ng'ombe getini. Mzee Nolton akanitazama kwa jicho moja, nikajua."

"Ungewafundisha njia yako. Wewe si msomi?"

"Ningeweza." Alilisema bila majivuno, na hilo likamuudhi Ozelia zaidi. "Miezi mitatu, miguu yao ingenizoea mimi. Ukirudi, wewe ndiye ungekuwa mgeni. Nimekaa kwenye kiti chako. Sitaki ukute nimekivunja."

Maneno mazuri, alifikiri Ozelia. Na mwenye nia mbaya huwa na maneno gani, kama si mazuri? "Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Sijafundishwa, mama. Baba yangu alinyang'anywa nafasi hivyohivyo. Hakushika gitaa tena."

Kabla Ozelia hajajibu, Nolton alitokea mlangoni na kodiani yake kifuani. "Kumbe upo! Nilikuwa naogopa kukupigia, nisije nikakuharakisha. Panda basi, dada, nusu ya pili ni yako."

Jarvis tayari alikuwa amekwenda kulileta gitaa lake la nyuzi nne, akamnyooshea. Hapo shaka ikamrudia Ozelia. Anajua, alifikiri. Ameona mkono uko mfukoni. Anataka nianguke mbele ya watu wote, halafu kesi imekwisha.

Angeweza kukataa. Lakini kukataa kungekuwa kusema ukweli, na ukweli ule ndio uliokuwa ukimtisha tangu Juni kuliko Jarvis na vidole vyake vyote. Alijivika mkanda akapanda.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, wa watu kukumbatiana. Dole gumba lilivumilia. Nyuzi zilimpokea kama mlango wa nyumbani. Akathubutu kutabasamu. Kisha Nolton, kwa furaha ya kumwona, akafyatua wimbo wa kasi kuliko zote alizokuwa nazo.

Ubeti wa pili, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikajifunga. Noti moja ikakosekana, kisha nyingine, na sakafuni miguu ikaanza kusitasita. Ozelia aliendelea kudonoa kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiteleza kama samaki, naye hakuweza kugeuka kumtazama Nolton.

Mtu akasimama nyuma yake. Mkono mrefu ukapita ubavuni mwake ukaishika shingo ya gitaa, chini kidogo ya wa kwake.

"Wewe donoa," Jarvis akamnong'oneza. "Mimi nabana."

"Sikuamini," akamjibu bila kugeuka.

"Najua. Donoa tu."

Ozelia aliuondoa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa ni mkono wake, na nafasi ilikuwa yake, na kwa muda wa pumzi moja gitaa lilikuwa mikononi mwa mtu ambaye yeye alimshuku wiki nzima. Akadonoa. Noti ikatoka nzima. Akadonoa tena. Watu waliokuwa mbele wakaona mikono ya watu wawili kwenye gitaa moja, wakapiga kelele za furaha, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Mpiga ngoma akacheka mpaka akakosa pigo.

Wimbo ulipoisha, Ozelia alivua mkanda. Nolton alimwinamia.

"Vipi, dada?"

"Kidole hakijapona," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. "Zile za polepole nitazipiga mimi, kila Jumamosi. Za kasi ni zake, mpaka nitakaposema." Akamgeukia Jarvis, akamkazia macho. "Mpaka mimi nitakaposema. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Bado hakuwa na hakika naye hata kidogo. Alivuta kiti akakiweka jukwaani, karibu kabisa na spika, ili amsikilize vizuri.