Wageni wa Jicho la Sadoki

Mzee Sadoki alikuwa mwongo wa kupendwa. Miaka yote aliyoendesha malori, kila aliporudi nyumbani milima ya Ibaba alikuja na kisa: mara alisinzia usukani na lori likajipeleka lenyewe hadi Mlowo, likiwapigia honi ng'ombe, mara chatu alimshikia jeki abadili tairi. Watu walicheka, wakamwongezea chai, na hakuna aliyeumia.

Mambo yaliharibika siku aliposema kweli.

Lilianza giza katikati ya macho yake. Akimtazama mtu aliona masikio na mabega, uso haupo. Kisha ndani ya giza lile wakaanza kuja wageni: watu wafupi kama magunzi, wenye kofia za kijani, wakitembea bila kishindo. Mara ya kwanza walipita juu ya uzio wa jirani yake Ketrina, mjane wa rafiki yake, naye Sadoki akalisimulia hilo kwa mbwembwe zake za kawaida. Safari hii hakuna aliyecheka. Kumbe Ketrina ndiye anayemla macho, watu wakanong'onezana.

Daktari wa macho Mbeya alikuwa ameshamfafanulia. Utando wa nyuma ya jicho, retina, ndio unaopokea mwanga na kuupelekea ubongo habari. Wake umechakaa katikati. Ubongo uliozoea kuletewa picha, ukinyimwa, hutunga zake. "Huna wazimu, mzee wangu. Wala hujarogwa." Sadoki alirudi akitamba kuwa ubongo wake una kipaji kama mwenyewe. Mwanawe Alinanuswe akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, hata hiyo umeitunga."

Basi kitongoji kikaita lambalamba, wale wapiga ramli wanaopita vijijini kufichua wachawi. Wakimtaja Ketrina, nyumba yake ingechimbuliwa, angenyolewa kichwa mbele za watu, na angefukuzwa milimani alikozaliwa. Asubuhi waliyofika, Sadoki alipapasa njia akawatangulia, akaketi kwenye kizingiti cha Ketrina, miguu kaitandaza.

"Shemeji," Ketrina alisema nyuma yake, "hukuona uzio mwingine wa kuwapitisha hao watu wako?"

"Wako ndio haujaoza."

Kundi likaingia uani, mbele yupo Fanueli, mwenyekiti wa kitongoji, na kiongozi wa lambalamba mwenye shanga shingoni.

"Mzee, pisha watu wafanye kazi," Fanueli alisema.

"Kazi ya kuniagua mimi, au ya kula kuku wa Ketrina? Hao wageni nawaona hata sasa. Watatu wamekukalia begani, mmoja anatafuna muwa."

Fanueli akajipangusa bega upesi. Aliyekuwa karibu naye akasogea mbali.

"Nikifumba macho, hawapo," Sadoki aliendelea. "Uchawi gani huo unaozimwa na kope? Shemeji, nipe sinia jeupe na maharage mawili. Pale Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, nimekunywa soda nyingi za bure kwa mchezo huu."

"Ameanza," Alinanuswe alisema.

"Naanza, ndiyo. Kaa kimya."

Sadoki akayapanga maharage kwenye sinia kwa kupapasa, yakiachana upana wa kiganja. "Fanueli, fumba jicho la kushoto. La kulia likazie harage la kushoto, usilibandue hapo. Haya, inama taratibu."

Fanueli akachuchumaa, akashusha uso kidogo kidogo. Akakwama ghafla. Akarudi juu, akashuka tena.

"Limekwenda."

"Lipi?"

"La kulia."

"Na pale lilipokuwa, unaona tundu?"

"Naona sinia tu. Jeupe."

"Huo weupe umeshonewa na ubongo wako. Kila jicho lina tundu, pale mshipa wa habari unapotokea kwenda kichwani. Pale ni pofu, na ubongo unapaziba kimya kimya. Tundu lako dogo, linatosha kiraka cheupe. Mimi sehemu yangu pofu ni kubwa, nikatiwa kiraka chenye watu. Sasa niambie, mwenyekiti. Wewe nani kakuroga?"

Fanueli akafumba jicho tena, akainama.

"Maharage yametiwa dawa," kiongozi wa lambalamba alisema.

"Vua shanga zako mbili tuziweke. Chuchumaa uangalie mwenyewe."

Yule bwana akazishika shanga zake kwa mkono mzima, wala hakuchuchumaa. Hilo watu waliliona bila mchezo wowote. Mama mmoja akaenda kwenye sinia, mwingine akamfuata, wakaanza kusukumana. Wa mwisho alikuwa Alinanuswe. Aliinama, akakaa pale kitambo, mkono umefunika jicho.

"Baba. Hili hukulitunga."

"Nilikuwa nimechoka."

Fanueli akawaambia lambalamba wafunge mizigo. "Tutarudi," kiongozi wao alisema, na wapo waliotikisa kichwa kumkubalia.

"Rudini. Mtanikuta hapahapa."

Uani kukabaki kweupe. Ketrina akataka kutoka kwenda shambani. "Haya, shemeji, wamekwenda. Nipishe."

"Sijawasikia wakishuka kilima."

"Nina magugu yananingoja."

"Yangoje."

Ketrina akamtazama mzee alivyouziba mlango kwa mwili wote, akachukua jembe, akapitia dirishani.