Mwanga wa Hatua Tatu

Khalfani alikuwa ameibana sufuria katikati ya magoti, akikata taratibu kwa msumeno wa chuma kuzunguka kitako chake, mkewe alipoingia stoo.

"Baba Lulu, hiyo si sufuria yangu ya maziwa?"

"Ilikuwa inavuja."

"Tangu lini?"

Khalfani akafikiri kidogo. "Tangu asubuhi."

Mwanamvua akacheka, akavuta kigoda, akaketi.

"Taa yenye nguvu hupata moto," Khalfani akaeleza bila kuinua macho. "Isipokuwa na kipande kinene mgongoni cha kuvuta joto, inajichoma yenyewe. Nitakununulia nyingine."

Mchana Mwanamvua alikuwa mzima. Alichambua mchele, alitunga uzi kwenye sindano. Jua likishaanza kuzama upande wa ziwa, macho yake yaliingia giza. Daktari alisema miwani haitasaidia. Tochi za dukani aliziona kama njiti ya kiberiti. Mwezi uliopita alitumbukia mtaroni akitoka kwa dada yake Ummy, nyumba ya nne tu kutoka kwao, alikokwenda kila jioni kumwosha na kumlisha, kwa kuwa Ummy alikuwa amepooza upande mmoja. Binti yao Lulu aliposikia, alipiga simu kutoka Dodoma: Ijumaa anakuja kumchukua mama akakae naye. Mwanamvua hakukataa wala hakukubali. Aliuliza tu, "Na Ummy atalishwa na nani?"

Khalfani hakumlaumu binti yake. Aliingia stoo, akafungua sanduku la vifaa.

Kufikia alasiri tochi ilikuwa imekamilika: bomba la pampu ya baiskeli, ndani betri tatu za kompyuta iliyokufa, mbele kikombe king'avu cha kuelekeza mwanga, kilichotoka kwenye taa ya pikipiki, na nyuma ya taa kile kitako cha sufuria. Akaziba dirisha kwa blanketi, akafunga mlango, akamwaga maharage sakafuni.

"Niokotee haya."

"Leo umenifanya kuku?"

"Niokotee, Mama Lulu."

Akampa tochi, naye akaiwasha. Ukutani likatokea duara jeupe kali, hata tundu la msumari likaonekana. Khalfani akashindwa kuficha furaha. "Hii ukisimama nayo ufukweni Bangwe, mvuvi wa Kongo ng'ambo ya ziwa atajifunika uso!"

Mwanamvua akainama. Akapapasa. Akapata maharage mawili, kisha ukasikika mgongano wa ugoko na mguu wa meza, nayo yakamponyoka.

"Umeumia?"

"Ngoja kwanza." Akasimama, akisugua ugoko. "Ukuta nauona. Utando wa buibui nao nauona, na nitakuja kuufagia. Miguu yangu ndiyo siioni. Wewe unamulika Kongo, mwenzio nautafuta mtaro."

Khalfani akaichukua tochi. Miaka thelathini alikuwa akitengeneza taa za watu wa ziwani, na swali lao lilikuwa hilo hilo: inafika wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu karibu. Na yeye hakumuuliza mkewe.

"Kaa hapa," akasema. "Uniambie unachokiona."

Akaondoa kikombe. "Mwanga unanipiga machoni," Mwanamvua akasema. Akakirudisha, akakata kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula, akakibandika mbele kwa utepe.

"Sasa?"

"Afadhali. Lakini bado kuna mwezi katikati."

Akaongeza kipande cha pili. Akainamisha kichwa cha tochi kidogo, kidogo tena.

"Bado... bado... Hapo! Usiguse!"

Mwanga ulikuwa umelala sakafuni, mpana kama mkeka, mwisho wake hatua tatu mbele. Mwanamvua akazitazama kandambili zake, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyerudishiwa vitu vyake. Kisha akaanza kuokota, bila kupapasa. Alipomaliza akahesabu kiganjani.

"Kumi na saba. Yalikuwa mangapi?"

Khalfani alitaka sana kusema kumi na saba. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Ishirini," akasema.

"Matatu yako wapi?"

"Kushoto kwako, karibu na ukuta."

Mwanamvua akageuka, akatazama, akatikisa kichwa. "Huko kwangu giza. Na mtaro uko kushoto."

"Mdomo wa kikombe ndio unaokata mwanga. Nikiupunguza upande huo, utafika."

"Basi upunguze."

"Leo mkono umechoka. Nikikosea, sina kikombe kingine."

"Kesho, basi." Akamrudishia tochi, akakishika kidogo kiganja chake chenye vumbi la alumini. "Na Lulu mwambie aje Ijumaa kama alivyopanga. Ila awahi kabla ya jioni. Nitakwenda kwa Ummy, yeye atembee nyuma yangu, asinishike mkono. Akishaona, ndipo tuzungumze habari za Dodoma."

"Na nikishindwa kuutengeneza huo upande?"

"Atembee upande wa mtaro."

Mwanamvua akafungua mlango, akaenda kumpikia dada yake uji kabla jua halijashuka. Khalfani akachukua penseli, akachora juu ya mdomo wa kikombe mstari wa mahali atakapoanzia kukata.