Diski Mbili za Mzee Mahmoud

Marehemu Mahmoud alikuwa akikata mche wa sabuni kwa uzi. Nusu ilibaki Kibuli kwa Bi Hajara, mke mkubwa. Nusu ikateremka Ggaba kwa Emérence, mke mdogo, Mkongo muuza samaki. Uzi ukienda upande, alipima tena. Miaka thelathini Bi Hajara hakumwona akikosea mgao hata mara moja, mpaka wivu wenyewe ukachoka ukajiendea zake.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Ijumaa, alipochomoa diski moja kwenye kompyuta ya mjukuu wake na kuifunga ndani ya leso, hakujiona mwizi. Alijiona anamalizia kazi ya mumewe.

Sauti ya mzee ilikuwa humo. Firdaus, mjukuu aliyesomea mambo ya kompyuta, alimrekodi babu yake miaka miwili ya mwisho, macho yalipokwisha ukabaki ulimi: vitendawili, visa vya safari za biashara, hata kikohozi chake. Kwingine kokote duniani sauti ile haikuwapo.

Wakati fulani Firdaus alimwonyesha bibi yake vidroo viwili vilivyo mbele ya mashine, akamtegea kitendawili.

"Jaja, wanangu wawili, asemalo huyu ndilo asemalo yule. Mmoja akinyamaza, hakuna neno lililopotea."

Bi Hajara alitaja macho, akataja masikio, akashindwa. "Haya, chukua mji. Nimekupa Nakasero nzima na soko lake."

"Ni diski zangu, Jaja. Kila neno la babu limeandikwa kwenye zote mbili."

Zote mbili! Neno hilo lilimkaa kifuani. Maana siku ya arobaini wanawe, Faizal baba yake Firdaus akiwa mbele, walikata shauri kwamba yule wa Ggaba asipewe kitu, hata bakora. Na Emérence wala hakuomba bakora. Alimvuta Bi Hajara kando, akamwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao, akamwuliza, "Yaya, sauti yake nitaisikia wapi mimi?"

Ijumaa hiyo basi, kabla ya kwenda kazini, Firdaus alikuwa ameketi mbele ya mashine akiiwekea kerneli mpya.

"Hiyo kerneli ni nini tena?" Bi Hajara aliuliza.

"Ni mnyapara, Jaja. Ndiye anayeamrisha kila kitu humu ndani. Huyu wa sasa amezeeka, ana matundu. Nimeshamweka mpya, nikirudi nitaiwasha, naye ataanza kazi." Akaizima, akaondoka.

Imezimwa, kazi imekwisha, diski ziko mbili. Bi Hajara alivuta kidroo kama anavyovuta cha kabati, akatoa diski, akakirudisha kitupu, akapanda bodaboda. Adhuhuri ilimkuta amesharudi na ngege wawili wabichi.

Jioni Firdaus aliiwasha. Kioo kilibaki cheusi, kikatoa mistari michache ya maandishi meupe, kikasimama.

"Inasema haiwezi kuanzisha diski," alisema. "Labda mnyapara mpya hazijui. Ngoja nimrudishe wa zamani, ndiyo maana huwa hatumfukuzi."

Akamrudisha wa zamani. Maandishi yakawa yale yale. Bi Hajara, aliyekuwa akimenya matoke, aliona mabega ya mtoto yakishuka.

"Jaja, nimeiharibu. Nimemzika babu mara ya pili."

"Aa, mashine nazo zina deko. Iache ipoe." Kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

"Haipoi hii. Kuna amri moja, naweza kuziunganisha diski upya. Ikikubali, sawa. Ikikataa, inafuta kila kitu." Na vidole vikaenda kwenye vitufe.

"Toa mkono hapo!"

Sauti hiyo Firdaus hakuwa ameisikia tangu utotoni, alipokaribia sigiri yenye moto. Aligeuka.

"Diski moja iko Ggaba," alisema Bi Hajara.

"Ggaba wapi?"

"Kwa Emérence. Ndani ya sanduku lake la nguo."

Firdaus alivuta kidroo, akatazama utupu wake. "Jaja! Na mimi nikadhani ni samaki tu umefuata!"

"Si ulisema mwenyewe maneno ni yale yale? Nikaona wake wawili, diski mbili. Angekuwapo babu yako angegawa vipi?"

"Ana kompyuta huyo Emérence?"

"Hana."

"Sasa anaisikilizaje?"

Bi Hajara aliinamia matoke yake. "Aliiweka sikioni. Hakusikia kitu. Akaipangusa kwa kitenge, akasema si neno Yaya, nitalala nayo."

Firdaus alifungua mdomo acheke, kicheko kikamgeukia. Akajifuta macho kwa kiganja, akarudi kwenye kiti. "Basi haikufa. Diski iliyobaki imeamka haimwoni mwenzake, imeogopa kuendelea peke yake. Inataka kuambiwa inaruhusiwa." Akaandika mstari mmoja. Mashine ikanguruma, ikawaka.

Firdaus akafungua rekodi moja. Kikohozi cha mzee kilitangulia. Bi Hajara aliketi chini kwenye mkeka bila kutafuta mkeka ulipo.

"Jumapili twende Ggaba," Firdaus alisema taratibu. "Diski lazima irudi, ili ziwe mbili tena. Lakini nitampelekea redio ile ndogo ya flashi, sauti ya babu tu humo. Na baba akijua?"

"Faizal nilimzaa mimi. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya chai. Wewe piga simu."

Emérence alipokea katikati ya makelele ya soko, watu wakigombea sangara. "Allo? Yaya, iko nini? Uko mugonjwa?"

"Siumwi. Tega sikio."

Firdaus alisogeza simu kwenye spika. Mzee akasafisha koo, akatulia kidogo kama alivyopenda kuwangojesha watu, kisha akasema, "Kitendawili!"

Kule Ggaba makelele yakafifia. Labda alikuwa anakimbia nayo mbali na watu. Bi Hajara jibu lilikuwa limeshamfika ulimini. Akalimeza, akangoja.

"Tega!" ilisema simu, kwa kilio na furaha. "Tega, muzee wangu, niko hapa."